Mbeleko ya Kabati Namba Saba

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Limehifadhiwa kwenye jalada. Kazini na mtaani anaitwa Timazi.
Umri: Miaka 49
Kazi: Kibarua wa ujenzi, kwa miezi saba sasa ni fundi wa makabati ya maonyesho katika jumba la makumbusho
Elimu: Darasa la sita, hakumaliza
Makazi: Chumba namba 4, juu ya duka la matairi
Mahali na saa: Chumba cha maelezo, kituo cha polisi, saa 9:10 alasiri

Leo ni Jumatano tarehe 14 Oktoba, na ni miaka kumi na mmoja na miezi miwili tangu nitoke kwetu. Katika muda wote huo sijawahi kuingia kituo cha polisi kwa miguu yangu mwenyewe. Leo nimeingia, wala sikuitwa. Nimekuja kwa sababu mnamshikilia mama mmoja tunayemwita Shangazi kwa mambo mawili: kwamba ameiba nguo kwenye kabati la kioo namba saba, na kwamba ameacha humo kitu cha hatari. Kabati nililifungua mimi. Kile kitu ni changu. Naomba afande uandike hayo mawili kwanza, maana mimi nikianza kueleza huwa nazunguka.

Afande amenieleza kwamba nikisema uongo naweza kushtakiwa. Nimeelewa.

Mnamo mwezi wa Machi mwaka huu nilichukuliwa na makumbusho kubeba mbao. Fundi wao aliumia mgongo, wakaniuliza kama najua kushika randa, nikasema najua, na ni kweli najua. Kazi ilikuwa kutengeneza makabati kumi na mawili kwa ajili ya maonyesho ya watu waliotoka mbali, yaani wale waliokimbia vita na sisi tuliokimbia njaa. Msimamizi wa maonyesho ni mama mmoja mwenye miwani ya kuning'inia shingoni. Yeye ndiye anayeandika vile vikaratasi vya kubandika chini ya vitu, ndiyo maana tunamwita Mama Lebo. Analijua jina hilo na halimkasirishi.

Utaratibu wake ulikuwa hivi. Kila Jumanne saa tisa alasiri tulikutana chumba cha chini, kwenye meza ndefu niliyoiunga mimi. Mwenye kitu anakiweka mezani na kukisema. Mama Lebo anaandika. Akimaliza anamsomea. Mwenye kitu akisema "ndiyo" anatia dole gumba au sahihi, na hapo ndipo kitu kinapata namba. Asiposema ndiyo, wanaanza upya. Kuna mzee mmoja alirudiwa kusomewa mara tano kwa sababu ya kijiko. Alisema kijiko chake si cha chakula, kilikuwa cha kumnyweshea mkewe dawa njiani, na wasipoandika hivyo anaondoka nacho. Waliandika hivyo. Kwa hiyo watu walimwamini yule mama.

Nami niliombwa kitu. Kitu nilicho nacho ni timazi yangu. Ni kipande cha shaba, kizito, kimechongoka chini kama pia ya watoto, na juu kina uzi mrefu wa kupimia ukuta kama umesimama wima. Alinipa mjomba wangu aliyenifunza kazi. Huwa naifunga kiunoni, na jina langu limetokea hapo. Nilikataa kuitoa. Nilisema hii si kumbukumbu, hii ni kazi, na siku nikiiweka nyuma ya kioo ni kama nimekubali kwamba nimekwisha. Shangazi alinicheka mbele ya wote. Alisema, "Huyu fundi anatujengea nyumba sote, mwenyewe analala nje." Tangu siku hiyo kila akinikuta ananiuliza, "Bado umelala nje?"

Shangazi ni mama mfupi wa miaka sitini na kitu, anafagia ngazi za majengo matatu. Kitu chake ni mbeleko. Ni nguo ya pamba, zamani ilikuwa ya buluu. Kwa nguo hiyo alimbeba mtoto wa kaka yake, wa mwaka mmoja na nusu, siku kumi na tisa kwa miguu. Kaka na wifi walisema watafuata nyuma. Hawakufika. Hiyo ni miaka ishirini na mbili iliyopita. Mtoto huyo sasa ni binti mkubwa, anafanya kazi kwa daktari wa meno, na mwezi wa Desemba anaolewa. Yeye ndiye aliyeanza kumwita Shangazi, na sisi wengine tukadandia.

Siku ya kuisema mbeleko yake, Shangazi alisimama na kusema, "Nilimfunga kule, nikamfungulia hapa. Basi." Watu walicheka. Mama Lebo akamuuliza, "Na njiani palikuwaje, mama?" Akajibu, "Palikuwa parefu." Mama Lebo aliandika hayo hayo, akamsomea, Shangazi akasema ndiyo, akatia dole gumba. Binti alikuwepo siku hiyo. Alisema shangazi yake amemwambia tangu utotoni kwamba alikuwa mwepesi mgongoni kama kikapu kitupu. Shangazi akasema, "Mwepesi, ila mdomo ulikuwa mzito. Ulilia nchi mbili."

Sasa nakuja kwenye leo.

Leo saa moja na dakika ishirini asubuhi nilikuwa ukumbi wa pili nikipiga msasa mguu wa kabati namba tisa. Maonyesho yanafunguliwa Jumamosi. Makabati yote yalikuwa yamefungwa vioo, na lebo zilibandikwa jana jioni. Shangazi aliingia kwa mlango wa wafanyakazi, ana kitambulisho cha maonyesho kama sisi wote. Alisema amepita kuona mbeleko yake ilivyolala kabla ya kwenda kwenye ngazi zake. Tukaenda kabati namba saba. Mbeleko ilikuwa imetandazwa vizuri chini ya taa, na sehemu ya fundo imeachwa imekunjamana vilevile kama alivyoitoa kwenye sanduku la bati alimoitunza. Alifurahi. Alisema, "Tazama, imepata kitanda kizuri kuliko changu."

Kisha akaniambia nimsomee lebo. Yeye hajui kusoma. Mimi nasoma kwa kufuatisha kidole, lakini nafika. Nilisoma, "Nilimfunga kule, nikamfungulia hapa. Njiani palikuwa parefu." Akaitikia kwa kichwa. Chini yake palikuwa na mstari mwingine wa herufi ndogo ambao sisi hatukuusikia mezani. Ulisema, "Pamba. Madoa ya tope, maziwa na damu. Damu imeonekana sehemu ya bega na kwenye fundo."

Nataka kusema ukweli hapa. Ningeweza kuruka mstari ule. Niliona neno damu kabla sijalitamka. Sikuruka kwa sababu nilikuwa nimesoma vizuri mpaka hapo bila kukwama, nikaona raha kuendelea. Kosa la kwanza la siku hii ni hilo, na ni langu.

Shangazi aliinama karibu na kioo. Halafu akasema, "Rudia."

Nikarudia.

"Nani kasema damu?"

Nikamwambia kuna mtaalamu wa vitambaa, anavitazama kwa taa yake.

"Mimi sikusema damu."

"Hukusema, Shangazi."

"Mwanangu anajua kusoma," akasema. "Na mama mkwe wake ni mwalimu. Hao watasoma hata vumbi."

Alikaa kwenye kiboksi changu cha vifaa. Akanieleza kwamba kuanzia siku ya kumi lile fundo lilimla bega. Akahamishia bega la pili, nalo likaliwa. Alipofika, waliompokea walilazimika kulowesha nguo kwa maji ya uvuguvugu ndipo ibanduke. Hajawahi kumwambia binti. Maneno yake yalikuwa haya, nayakumbuka kwa sababu aliyasema taratibu: "Mtoto hadaiwi mgongo, Timazi. Akisoma hiyo, kuanzia Jumamosi akinitazama ataona bega. Sitaki aanze ndoa na deni langu."

Nikamwambia tumngoje Mama Lebo, amekwenda kiwanda cha uchapaji kufuata vijitabu na angerudi mchana. Akakataa. Alisema, "Yule mama amenikalisha kiti cha mbele miezi saba. Nimwambie amekosea, siku tatu kabla ya shughuli yake?" Nikamwambia basi nimpigie simu mimi. Akasema, "Usimpigie. Naenda kuifua. Kabla ya saa nane imekauka, imerudi. Si wageni wanakuja? Wewe uliona wapi mtu akaribishe wageni aanike nguo chafu?" Hapo alikuwa anajaribu kucheka.

Mimi najua, na watu wa meza ile wanajua, kwamba nguo ile haikuwahi kufuliwa miaka ishirini na mbili. Hakuwa mvivu wa kufua. Siku moja nilimuuliza. Alisema tope la upindo wa chini ni la mlangoni kwa kaka yake, siku waliyoagana ilikuwa imenyesha. Kwa hiyo nilijua anakwenda kufua nini. Nilimuuliza, "Na tope la kaka yako?" Akajibu, "Kaka angenielewa."

Nikafungua. Kabati namba saba lina skrubu nne, mbili kila upande, na bisibisi yake ninayo mimi. Nilivaa glavu nyeupe kama tulivyofundishwa. Shangazi hakuvaa, alisema ngozi yake na nguo ile zinajuana. Aliikunja, akaitia kwenye mfuko wa plastiki wa dukani, akaondoka saa moja na dakika hamsini.

Nilibaki na kabati tupu linalowaka taa. Afande, sijui kama utanielewa. Kwetu ukienda kwa jirani kuchukua chombo chako alichokiazima na bado anakitumia, unamwachia kingine mpaka kile kirudi, ili nyumba yake isijione imenyang'anywa. Ndivyo tulivyokua. Mama Lebo alikuwa ameazimwa mbeleko, na sisi tumeichukua bila kumwambia. Sikuona vizuri aje akute patupu. Nikafungua timazi kiunoni, nikailaza palepale ilipokuwa mbeleko, uzi nikauzungusha vizuri pembeni. Nikafunga skrubu mbili tu, maana nilijua tutafungua tena. Sikuandika kikaratasi. Sikumwambia mlinzi. Nilidhani kila mtu akiona timazi atajua ni ya Timazi.

Saa mbili kamili nilipanda gari la makumbusho pamoja na dereva kwenda kwenye ghala la mbao kuchukua ubao wa mwisho. Tulirudi saa saba na dakika kumi na tano. Mlango mkubwa ulikuwa umezungushiwa utepe. Mlinzi alinipokea kwa furaha, akaniambia, "Umekosa sinema. Saa tatu na nusu nimepita ukumbi wa pili nikakuta kabati namba saba nguo hakuna, ndani kuna kombora dogo, lina mpaka utambi. Wamekuja watu wamevaa magodoro mwili mzima. Wamelitazama saa nzima."

Nikamuuliza kombora lenyewe likoje. Akaonyesha kwa vidole. Nasema kweli, kicheko kilinibana. Nikamuuliza, "Na nguo?" Akasema, "Yule bibi wa ngazi. Kamera ya mlangoni imemwonyesha anatoka na mfuko. Mkuu wa makumbusho ndiye aliyeandikisha malalamiko. Wamemkuta uani kwake anaanika."

Ukumbi wa pili kamera haijafungwa. Mimi ndiye niliyetakiwa kutengeneza kibao cha kuishikilia, na nilikuwa sijakitengeneza. Ndiyo maana picha yangu haipo na yake ipo.

Mlinzi alinieleza pia kwamba Shangazi aliulizwa nani alimfungulia kabati, hakujibu. Akaambiwa aseme nguo ni ya nani, akasema, "Nguo yangu, kabati si langu." Akaulizwa kuhusu kile chuma, akasema, "Si changu, lakini hakilipuki." Baada ya hapo hakusema tena. Najua kwa nini. Kibali changu cha kukaa kimefungwa na hii kazi, na yeye analijua hilo. Anajua pia kwamba cha kwake kinaisha tarehe 30 mwezi huu, na mtu mwenye jalada polisi hapewi kingine. Asipopewa, Desemba binti ataolewa hana mtu wa kusimama upande wake. Hana mama, hana baba, ana huyu mmoja. Shangazi alikuwa tayari kupoteza hayo ili mimi nisipoteze kazi. Mimi siwezi kumwacha. Bega lake limeshabeba watu wa kutosha.

Saa saba na nusu nilikutana na Mama Lebo kwenye ngazi za makumbusho. Nilimweleza yote kama nilivyokueleza. Hakunikatiza. Mwisho akaniuliza, "Kwa nini hakuniambia?" Nikamjibu, "Alikuwa anakuheshimu." Alitoa miwani, akaifuta, akaivaa, akaitoa tena. Akasema mstari ule aliuongeza mwenyewe jana jioni kutoka kwenye ripoti ya mtaalamu, alikuwa na haraka, na hakumsomea mwenyewe. Alisema, "Zote nimewasomea. Huo mmoja sikumsomea." Yuko nje hapo kwenye benchi lenu, ataandika maelezo yake baada yangu. Lebo ameibandua, ameishika mkononi. Mkuu wake amempigia simu mara mbili na mara zote mbili amemwambia angoje.

Nina maombi matatu, afande, kama maombi yanaruhusiwa kuandikwa humu.

Binti amepigiwa simu na yuko njiani kutoka kazini. Nimelazimika kutaja damu ili mjue kilichotokea. Naomba asisomewe sehemu hiyo. Akija kujua, basi ajue kwa mdomo wa shangazi yake, na kwa siku atakayoichagua yeye.

La pili, nilipoingia humu niliiona mbeleko juu ya meza yenu, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa. Imefuliwa lakini bado mbichi. Nguo mbichi ikifungwa kwenye plastiki hupata ukungu, na ukungu kwenye pamba hautoki. Tope limetoka, nimeona. Yale mengine yametoka pia, au yamefifia, siwezi kujua. Ila mikunjo ya fundo haijatoka. Amesugua na bado iko palepale, kama vile mtu kaifungua sasa hivi. Mama Lebo naye aliitazama kupitia plastiki alipoingia, akasema kwa sauti ndogo kwamba hiyo inatosha, irudi kabatini hivyo hivyo na maneno yake mawili, bila mstari wa chini. Kwa hiyo naomba itolewe humo ikauke.

La tatu ni timazi yangu. Siitaki kiunoni. Mkimaliza kuipima na kuipiga picha, mpeni Mama Lebo airudishe kabati namba saba, ilale karibu na mbeleko. Namba mpya haihitajiki. Kama Shangazi ataniulizia, mwambieni nimeingia ndani.

Afande ameniuliza nitapatikana wapi na mpaka lini. Mpaka Jumamosi nitakuwa makumbusho kuanzia saa moja asubuhi. Baada ya hapo nitakuwa hapo hapo kama bado nina kazi, na kama sina, nitakuwa chumbani kwangu juu ya duka la matairi. Maonyesho yanafungwa tarehe 30 Aprili. Makabati nitayafungua mimi, skrubu kwa skrubu, na kila mtu nitamrudishia chake mkononi, maana hakuna mwingine anayejua nilivyoyaunga. Yangu nitaichukua ya mwisho. Mke wangu aliyebaki kwetu nimemwambia "mwakani" mara kumi, mpaka akaacha kuuliza. Tarehe sijawahi kumtajia. Andika afande: tarehe 4 Mei nasafiri, na tarehe 6 Mei niko nyumbani kwangu.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyafanya kwa mikono yangu. Nimesomewa, na nasema ndiyo.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi, na dole gumba kwa kutaka mwenyewe)

MAELEZO YA AFISA

Shahidi alifika kituoni kwa hiari yake na hakuahidiwa wala kutishwa chochote. Maelezo yamesomwa mbele yake yote. Alisahihisha jambo moja: nilikuwa nimeandika skrubu tatu.

Kielelezo A, kipande cha shaba chenye uzi, kimethibitishwa na wataalamu kuwa ni kifaa cha ujenzi. Uzito gramu 740.

Saa 10:25 jioni mkuu wa makumbusho alifika, na mbele ya msimamizi wa maonyesho aliyekuwa akingoja hapa, akaandika kwa mkono wake kuondoa malalamiko. Jalada limefungwa siku hiyo hiyo. Barua ya kuthibitisha kwamba mama huyo hana shauri kituoni hapa imeandikwa, na nakala amepewa mwenyewe kwa ajili ya kibali chake.

Binti alifika saa 10:40. Hakusomewa maelezo haya. Aliuliza kwa nini nguo imefuliwa. Mama aliyetajwa akamjibu kwamba wageni wanakuja.

Kielelezo B, mbeleko, kilitolewa kwenye mfuko wa plastiki saa 9:55, kikaanikwa juu ya kiti cha afisa huyu, karibu na dirisha. Saa ya kuandika maneno haya bado kina unyevu sehemu ya fundo. Kitakabidhiwa kwa mwenyewe kikikauka. Amesema atangoja.